Jeshi la Watu Ishirini: Vita vya Fantasia na Kisingizio cha Mashine

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazokaririwa kila michezo ya video ya kifantasia inapojadiliwa, hakuna iliyopokewa kwa wepesi zaidi kuliko hii: kwamba vita vyake ni vidogo kwa sababu mashine ni dhaifu. Wahusika hutangaza vita vitakavyoamua hatima ya dola. Mchezaji hufika uwanjani akakuta watu wanaoweza kuenea katika matatu mbili. Akiuliza jeshi liko wapi, hujibiwa kwamba kumbukumbu ya mashine haikutosha, na jibu hilo huhesabiwa kuwa limeufunga mjadala.

Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo halijafunga chochote. Linaeleza kwa nini askari walikuwa wachache. Halielezi kwa nini kazi ya sanaa ilichagua kuahidi jambo ambalo haikuwa na uwezo wa kulitimiza. Suala la kwanza ni la wahandisi. La pili ni la utunzi, na mhakiki anayelikabidhi kwa wahandisi amejiuzulu kazi yake.

Yamkini wapo watakaouliza iwapo mchezo wa video ni matini inayostahili nafasi katika uhakiki wa fasihi. Itoshe kusema kwamba kazi yenye wahusika, mandhari, msuko na usemi haiwezi kuvikwepa vigezo vinavyohusu mambo hayo, eti kwa kuwa imetungwa kwa programu badala ya wino.

Gharama ya askari mmoja

Ni haki kuanza na lile lililo kweli katika hoja ya watetezi. Mchezo unaoonyesha picha 30 kwa sekunde huipa mashine takriban milisekunde 33 za kuandaa kila picha. Ndani ya muda huo kila askari aliyemo uwanjani sharti atafutiwe njia, aamuliwe kitendo, asogezwe viungo, kisha achorwe. Filamu haina dhiki hii. Katika The Two Towers (2002), programu ya MASSIVE iliyobuniwa na Stephen Regelous iliwapa maelfu ya wapiganaji wa kubuni uwezo wa kujiamulia hatua zao. Lakini picha moja ya filamu ya aina hiyo yaweza kungojewa kwa saa kadhaa bila mtazamaji kujua. Mchezaji hangoji.

Fauka ya hayo, katika Oblivion (2006) na Skyrim (2011), kazi mbili za kampuni ya Bethesda, mhusika mmoja ni ghali mno. Mwenyeji wa ulimwengu huo ana ratiba yake ya siku, ana mali mkobani, na silaha aliyoishika yaweza kuchukuliwa kutoka katika maiti yake ikauzwa dukani. Mashine ya Xbox 360, mojawapo ya zile zilizokusudiwa kuibeba Skyrim, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu kwa kila kitu: milima, theluji, sauti na watu. Hayo yote hayana ubishi.

Kutoka kikomo hadi kisingizio

Hata hivyo, ukweli huo hauwafikishi watetezi wanakotaka kufika. Mwaka 2000, Dynasty Warriors 2 ya kampuni ya Koei ilimzungushia mchezaji makundi ya maadui katika PlayStation 2, mashine yenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 32. Mwaka 2004, Kingdom Under Fire: The Crusaders kutoka Korea Kusini, ambayo ni fantasia isiyo na shaka, iligonganisha vikosi vizima vya askari wa miguu na wa farasi katika Xbox ya kwanza, iliyokuwa na megabaiti 64. Hiyo ni sehemu moja tu ya nane ya kumbukumbu ya Xbox 360. Ikiwa majeshi yalienea katika chungu kidogo, vipi yashindwe kuenea katika kikubwa?

Tofauti ni ya ugawaji. Kazi hizo mbili ziliwanyima askari wao ratiba na mikoba ili wapate kuwa wengi. Mfululizo wa Total War, ulioanza mwaka 2000 na kuingia katika fantasia kwa Total War: Warhammer (2016), ulifanya vivyo hivyo kwa njia ya umbali: askari husogea kwa vikosi, na mchezaji huwatazama kutoka juu kama jemadari aliye kilimani. Kwa hiyo kikomo cha mashine hakikuamua ukubwa wa vita. Kiliamua jumla ya matumizi. Mtunzi ndiye aliyeamua kipi kitangulie. Mwenye shilingi mia sokoni hana uhuru wa kununua kila kitu, lakini akirudi nyumbani na maua bila unga hawezi kuilaumu noti.

Wala kuchagua utajiri wa mtu mmoja mmoja si kosa. Kosa ni kuchagua hivyo kisha kuendelea kusema kana kwamba chaguo lililo kinyume ndilo lililofanywa. Katika Skyrim, wafuasi wa Ulfric Stormcloak na wale wa Jenerali Tullius huzungumza habari za nchi nzima iliyopasuka. Katika mapigano ya ngome, kundi dogo hukimbizana uani, na nguvu ya adui iliyosalia huandikwa kwenye kiwambo kwa asilimia. Ni asilimia ya nini? Mchezaji huelezwa kwamba adui amepungua, ilhali umati unaopungua hajapata kuuona. Tarakimu imekaa mahali pa watu, na wafu wa vita hivyo wamekuwa kipimo, kama mafuta katika tangi la gari. Katika Oblivion, mchezaji huzunguka mji baada ya mji akiuombea mji wa Bruma msaada, na kila mji hutoa askari wa kuhesabika kwa vidole. Kisha Martin husimama mbele yao na kutoa hotuba inayostahili kutolewa mbele ya majeshi. Neno limeelekezwa kwa watu wasiokuwapo, na jicho la mchezaji ndilo shahidi wa uwongo huo.

Somo la jukwaa na la utenzi

Anayedhani kuwa tatizo hili lilizaliwa na kompyuta hajasoma historia ya sanaa. Shakespeare alipoitunga Henry V, karibu na mwaka 1599, alikuwa na jukwaa la mbao na waigizaji wachache wa kuonyesha vita vya Agincourt vya mwaka 1415. Alimtanguliza msemaji aukiri waziwazi udogo wa jukwaa na kuwaomba watazamaji waujazie kwa fikira zao. Kukiri huko ni mbinu: mtazamaji aliyeombwa msaada huwa mshiriki, wala hajihisi kuwa ameghilibiwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wenye uzito usiopungua huo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, unasimulia vita kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukukutana na jeshi la Warumi. Vita vyenyewe ni zao la ubunifu. Kwa mshairi, umati haugharimu zaidi ya mizani zinazoutaja: kipande kimoja cha mizani nane hutosha kwa laki kama kinavyotosha kwa mtu mmoja. Lakini yeye naye ana kikomo chake, maana hawezi kumsimulia kila mmoja wa hao laki. Ndiposa utenzi wa vita huteua. Shujaa hujitokeza mbele ya safu, huita wa kupambana naye, na macho ya majeshi yote huelekea kwao. Idadi hubebwa na neno. Mauti hubebwa na mtu mwenye jina.

Ushahidi kwamba mchezo wa video unaweza kujifunza somo hilo upo tayari. The Witcher 3, iliyotolewa na CD Projekt Red ya Poland mwaka 2015, inayaleta mapigano yake makubwa katika ngome ya Kaer Morhen, ambako marafiki wachache wa Geralt wanaizuia Wild Hunt. Hakuna anayedai kwamba wao ni jeshi. Kila mlinzi anajulikana kwa jina, na Vesemir anapouawa, mchezaji hahitaji asilimia ya kumwambia kilichopotea. Mtunzi amekipokea kikomo na kukigeuza kuwa maudhui: uchache wa walinzi ndio msiba wenyewe.

Wanaongojea mashine kubwa

Wapo wengine wanaotumaini kwamba wakati utalitatua tatizo lote. Kwao, Mount & Blade II: Bannerlord, iliyokamilishwa mwaka 2022 na TaleWorlds ya Uturuki, ni bishara njema, maana inaweza kuweka uwanjani askari elfu moja kwa wakati mmoja katika bara la kubuni la Calradia. Ulimwengu huo hauna uchawi, lakini hoja yao inahusu fantasia vilevile. Wakizidi elfu, waliobaki hungoja zamu yao. Huo ni ushindi wa uhandisi unaostahili heshima. Hata hivyo, askari hao hujulikana kwa vyeo tu, na kuwaongeza wawe elfu kumi hakutampa hata mmoja wao jina.

Kinachoipa kazi hiyo ukuu ni jambo jingine ambalo washabiki wa idadi hawalitaji. Mchezaji akiangushwa, vita huendelea bila yeye. Anabaki kutazama mambo yakiamuliwa na wengine. Hapo pana fikra ambayo hata utenzi, pamoja na shujaa wake asiyeshindika, haukuifikia: kwamba vita ni vikubwa pale mtu mmoja anapokuwa mdogo ndani yake. Michezo mingi ya kifantasia huikimbia fikra hiyo kwa sababu imemwahidi mchezaji kwamba yeye ndiye mteule. Ahadi hiyo haikutolewa na prosesa.

Hitimisho

Mashine zitakua, na kisingizio kitakua pamoja nazo, kwa kuwa kila ukubwa mpya utazaa ahadi iliyo kubwa zaidi. Mhakiki aliyeuzoea utenzi ana wajibu wa kuikabili kila kazi ya namna hii kwa maswali yaleyale anayoyauliza mbele ya beti: limeahidiwa nini, limeonyeshwa nini, na pengo lililo baina ya hayo mawili limejazwa kwa mbinu gani. Pasipo na mbinu yoyote, aseme hivyo bila kumtafutia mtunzi udhuru katika idadi ya megabaiti. Mwengo hakuwa na hata moja.