JIVU SI LA KUTUPWA

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu, yaani mzazi hodari aweza kupata mwana asiyefaa kitu. Kwa heshima zote, wapenzi wasomaji, mimi naonelea kwamba wahenga wetu walilidunisha jivu bure.

Huku kwetu Magharibi, akina mama hupikia magunzi na mabua ya mahindi. Hata maganda ya maharagwe huchomwa, majivu yake yakachujwa kwa maji ili kupata munyu wa kulainishia mrenda. Munyu huo una potasiamu kwa wingi, nayo potasiamu ni chakula cha mimea. Mbona basi majivu mengine tunayamwaga nyuma ya choo, halafu tunalia kuwa mbolea ni ghali? Mwaka wa 2022 gunia la kilo 50 la DAP lilipita shilingi 6,000. Jamani, hiyo si karo ya mtu?

Isitoshe, sehemu nyingi za Kakamega na Vihiga zina udongo wenye asidi, na DAP ikitumiwa miaka nenda miaka rudi huizidisha. Majivu, sawa na chokaa, huipunguza.

Lakini tusidanganyane. Wapo wanaosema tuchome mabua yote shambani tupate majivu tele. La hasha! Nitrojeni hupaa na moshi, jivu likabaki bila. Mabua ya shambani na yaoze papo hapo au yaliwe na ng'ombe, kisha samadi irudi shambani. Tutumie majivu yale yaliyokwisha toka jikoni. Na mahindi yakigeuka manjano kwa kukosa nitrojeni, jivu peke yake halitayaokoa.

Majivu yawekwe pakavu, maana mvua huiondoa potasiamu. Nyunyiza kiasi tu, uchanganye na udongo kabla ya kupanda. Usiyachanganye na samadi mbichi wala yurea, nitrojeni itatorokea hewani. Majani chai usiyape kabisa, yenyewe hupenda udongo wenye asidi. Na jivu la plastiki lisikanyage shamba.

Ombi langu ni kwa wenzetu wanaosoma Kilimo. Tulime matuta mawili ya sukuma wiki nyuma ya bweni, yote yapate samadi, moja liongezwe jivu mapema. Tupime mavuno, kisha kila mmoja apeleke habari nyumbani likizoni. Wahenga watuwie radhi.