Mbadala Si Bandia

Miongoni mwa maneno yaliyoharibiwa na vijiwe vyetu, hakuna lililoumia kama neno "feki". Siku hizi kipuri chochote ambacho hakikutoka katika boksi lenye jina kubwa huitwa feki, na anayekinunua huonekana maskini au mjinga, au vyote viwili. Nimelisikia neno hilo Lushoto mjini, nimelisikia Soni sokoni na Mombo stendi, na mara nyingi husemwa na watu ambao hawajapata kushika spana. Nataka kulipinga hapa, ndugu msomaji, na nitalipinga kwa kutumia kitu kidogo ambacho wengi hawakifikirii kabisa: shokapu mbili za kunyanyulia boneti ya gari.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu katika shule ya msingi alirudi nyumbani na Toyota Celica ya mtumba kutoka Japani, gari la michezo la milango miwili. Ile fimbo ya chuma ya kuegemeza boneti ilikuwa imekwisha potea, na fundi wake akawa anaiegemeza kwa kipande cha mti wa muwati. Siku moja upepo ulivuma, mti ukateleza, boneti ikamwangukia msaidizi wa fundi, kijana wa miaka 17, ikamvunja vidole viwili. Mwenye gari akaona aibu, akaamua kufunga shokapu. Duka moja la Dar es Salaam likamtajia jozi ya kampuni maarufu kwa bei inayozidi mshahara wa mwezi wa mwalimu anayeanza kazi. Duka la jirani likamwonyesha jozi nyingine, yenye jina la mtengenezaji wake, urefu wake na nguvu yake vikiwa vimeandikwa ubavuni, kwa bei ya gunia la viazi. Akachukua hiyo ya pili. Kijiweni wakamcheka. Mzee mwenzangu mmoja akaniambia, "Mwalimu, mwanafunzi wako hukumfundisha kwamba cha rahisi ni ghali?"

Nami namjibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyomjibu siku ile.

Kwanza, tujue tunachosema. Bandia ni kitu kinachovaa jina lisilo lake. Mtu ametengeneza kipuri nyumbani kwake akakibandika nembo ya mwingine ili akuibie. Huo ni udanganyifu, na sheria za nchi yetu zinaukataza. Mbadala ni kitu kingine. Mbadala kina jina lake chenyewe, hakijifanyi mtoto wa mtu mwingine, kinasema wazi kwamba kimetengenezwa ili kifanye kazi fulani. Anayeviita vyote viwili "feki" anamtetea mwizi bila kujua, kwa maana anamchanganya na mtu mwaminifu, nasi tunashindwa kuwatofautisha.

Pili, hao wanaodai "orijino" wanadai kitu ambacho hakipo. Celica ile haikutoka kiwandani na shokapu ya boneti hata moja. Kiwanda kiliweka fimbo tu, kwa kuwa fimbo inatosha na gharama yake ni ndogo. Kwa hiyo kila anayefunga shokapu katika boneti hiyo, awe amelipa fedha nyingi au kidogo, anafunga mbadala. Na hata katika magari yanayotoka na shokapu hizo tangu mwanzo, mara nyingi mwenye gari hakuzitengeneza. Alizinunua kwa viwanda vya vipuri, kama kile cha Stabilus cha Koblenz, Ujerumani. Jina lililo juu ya boksi na mikono iliyotengeneza kilichomo ndani si lazima viwe vya nyumba moja.

Wala kubadili gari si uhuni wa vijana wa leo. Sisi wazee tunaikumbuka Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Nalo lilikuwa gari la michezo. Tulilishangilia, wala hatukuuliza kama lilikuwa sawasawa na lile lililouzwa dukani. Halikuwa sawa, mafundi walikuwa wamelirekebisha likabiliane na vumbi na matope yetu. Walichofanya mafundi wale ni kupima kwanza, kisha kufunga.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Swali la kuuliza si bei, ni kipimo. Shokapu ya boneti ni silinda iliyofungwa kabisa, ndani yake mna gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa pamoja na mafuta kidogo. Gesi husukuma fimbo itoke nje, na nguvu ya msukumo huo huandikwa ubavuni kwa nyutoni. Ukitaka kujua nguvu gani inakufaa, huhitaji kwenda Ulaya. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile tunayopimia mazao sokoni, uinyanyue nayo boneti kwenye ukingo wake wa mbele. Tulipofanya hivyo mizani ilisoma kilo 8, yaani takriban nyutoni 80, mita moja kutoka kwenye bawaba. Shokapu zilikuwa zikae mahali ambapo msukumo wake ungepita sentimita 15 kutoka kwenye bawaba. Gawanya 80 kwa 0.15, utapata nyutoni 533. Wagawie shokapu mbili, kila moja itabeba 267. Hii ni hesabu ya wenzo, mwanafunzi wa sekondari anaijua.

Mwenye duka alikuwa nazo za 270 na za 300. Kijiwe kingechukua 270 na kurudi nyumbani kikijisifu. Lakini Lushoto si Tanga. Nguvu ya gesi iliyofungwa hupungua kadiri baridi inavyozidi, na kipimo kilichoandikwa ubavuni huwa ni cha nyuzijoto 20. Asubuhi ya mwezi wa Julai yenye nyuzijoto 10, shokapu ya 270 husukuma kama 261 tu, nayo haitoshi. Ile ya 300 husukuma kama 290, ikabaki na akiba. Ndiyo maana shokapu iliyosimamisha boneti vizuri kwenye joto la pwani inaweza kuiachia huku milimani, na watu wakasema ni feki, kumbe kosa ni la aliyenunua bila kupima. Wala usinunue yenye nguvu kupita kiasi ukidhani ndiyo bora. Hiyo hupinda boneti, hulegeza bawaba, na hukilemea kitasa ambacho ndicho kinachozuia boneti isifumuke ukiwa mwendoni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila cha rahisi kinafaa. Anayeteremka kona za Soni kwenda Mombo amebeba abiria hana ruhusa ya kubahatisha breki, usukani wala tairi. Huko akubali kulipa, na ahakikishe kilichonunuliwa kimetimiza viwango. Shirika la Viwango lilianzishwa na sheria ya mwaka 1975 kwa ajili ya mambo kama hayo. Lakini hata huko, bei kubwa si cheti. Mwenye kutengeneza bandia hupenda zaidi kuiga nembo ya kitu ghali, kwa kuwa ndiko kwenye faida.

Methali ya yule mzee ni ya kweli, ila ameielewa kinyume. Waliosema cha rahisi ni ghali walikuwa wanamkanya mtu anayenunua bila kutazama. Hawakusema cha ghali kinunuliwe bila kutazamwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni sisi walimu na wazazi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, nasi vyuoni tuliusoma na kuufanyia mitihani. Maana yake ilikuwa kwamba kijana aitumie akili yake juu ya kazi iliyo mbele yake. Leo kijana anaweza kuandika kanuni ya wenzo ubaoni bila kukosea, kisha akatoka nje akaegemeza boneti kwa kijiti. Tumemfundisha hesabu ya mtihani, hatukumfundisha kwamba hesabu hiyo hiyo inalinda vidole vyake. Kisha tunamwongezea aibu: akijitahidi kununua kilicho ndani ya uwezo wake, tunamcheka, naye akiogopa kuchekwa anabaki na kijiti.

Basi kwa mafundi wetu nasema haya. Funga shokapu silinda ikiwa juu na fimbo yake ikielekea chini boneti inapofungwa, ili mafuta yalainishe sili. Ile fimbo ya kiwandani kama unayo usiitupe, iegemeze unapofanya kazi ndefu, hasa asubuhi ya baridi. Shokapu iliyochoka usiikate kwa msumeno wala kuitupa motoni, wala usimpe mtoto anayeokota vyuma chakavu bila kumwonya, kwa maana mgandamizo ungali ndani.

Na kwa wenzangu wa kijiweni: kabla hamjalitamka tena neno lile, ulizeni nani ametengeneza, ameandika kipimo gani, na nani amekihakiki. Mkipata majibu matatu, nyamazeni, mwacheni kijana afunge chombo chake. Msipoyapata, mwambieni akirudishe dukani, hata kama amekilipia mamilioni.