Nguvu ya kusukuma iko nyuma ya mkono

Katika jimu, hapa Bunia kama kwingineko, kifua ndicho kinachotukuzwa. Kijana hulala chali kwenye benchi, hukishika chuma kwa mikono iliyoachana sana, hukishusha nusu njia na kukirudisha, na swali linalofuata kutoka kwa wenzake ni kilo ngapi. Naona juhudi hiyo inaelekezwa pasipostahili. Katika mazoezi yote ya kusukuma, iwe benchi, pompe za chini (push-up) au chuma cha juu ya kichwa, msuli wa kutangulizwa ni trisepsi, ule wa nyuma ya mkono kati ya bega na kiwiko. Huo ndio unaonyoosha kiwiko, na kiwiko kisiponyooka hakuna mzigo unaofika mwisho wa safari yake.

Tazama kazi za mji huu. Motari anayeitoa pikipiki kwenye matope, mpakizi anayelisukuma gunia la maharage hadi juu ya lori, mama anayeushindilia mchi kwenye kinu: wote wanategemea viwiko vyao. Wapo pia wenye haja kubwa kuliko hao. Utawala wa kijeshi uliotangazwa katika mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, mwezi Mei 2021 uliikuta vita ikiwa na umri wa miaka mingi, na risasi na panga zimewaacha watu bila miguu. Anayetembea kwa magongo huubeba mwili kwa mikono, na katika kila hatua trisepsi ndiyo inayozuia kiwiko kisikunjike chini ya uzito huo. Wanaowahudumia waliovunjika uti wa mgongo wanalijua jambo hili vizuri. Mgonjwa aliyeumia shingoni, akibakiwa na nguvu ya kunyoosha viwiko, ana nafasi kubwa ya kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Akiikosa, mara nyingi atangoja mtu wa kumwinua. Msuli huu unaweza kuamua kama mtu mzima ataamka kwa wakati wake au kwa wakati wa wengine.

Watu wa jimu watajibu kwamba kila anayesukuma chuma tayari anaufanyisha kazi. Ni kweli, ila kiasi kinategemea namna ya kusukuma. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Cogley na wenzake, waliwapima watu 40 umeme wa misuli wakipiga pompe huku mikono ikiwekwa katika nafasi tofauti. Mikono ilipokaribiana, trisepsi ilifanya kazi zaidi kuliko ilipoachana, na cha kushangaza, kifua nacho kilifanya kazi zaidi. Vipimo vile vya umeme wa misuli havionyeshi kama msuli utakua, na ni haki kulisema hilo. Lakini vinakubaliana na umbo la mwili wenyewe: mikono ikiwa karibu na viwiko vikiwa jirani na mbavu, kiwiko hukunjika zaidi na kina safari ndefu zaidi ya kunyooka. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Trisepsi ina vichwa vitatu. Viwili vinaanzia kwenye mfupa wa mkono, na cha tatu, kirefu, kinaanzia kwenye mfupa wa bega na kuvuka kiungo cha bega. Kichwa hicho husaidia kuurudisha mkono nyuma, wakati benchi inaupeleka mbele, ndiyo maana kusukuma peke yake hakukishughulishi vya kutosha. Dawa yake imepimwa Japani. Maeo na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2022, waliwapa watu 21 zoezi la kunyoosha kiwiko, mkono mmoja ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa na mwingine ukiwa chini ubavuni, mara 2 kwa wiki kwa wiki 12. Kichwa kirefu kilikua kwa asilimia 28.5 kwenye mkono wa juu na asilimia 19.6 kwenye ule wa chini.

Wapo wanaopinga kwamba mikono ikikaribiana viwiko na vifundo vya mikono huuma. Pingamizi hilo ni la kweli, na kosa ni la wanaodhani kwamba karibu maana yake ni vidole kugusana. Upana wa mabega unatosha, vifundo vya mikono vikiwa vimenyooka na chuma kikishuka hadi kifuani bila haraka. Kilo zitapungua, na hapo ndipo wengi hukataa, kwa sababu wanaona aibu kupunguza uzito mbele ya wenzao. Anayepima mazoezi kwa sifa za wenzake atabaki na mikono iliyoachana kwenye chuma. Anayetaka mkono wenyewe unenepe akumbuke kwamba trisepsi ni zaidi ya nusu ya nyama ya mkono wa juu, ingawa kioo humwonyesha ile ya mbele tu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba huu ni mjadala wa walioshiba, katika mji uliojaa watu waliokimbia vijiji vyao. Ningelikubali kama zoezi lenyewe lingehitaji mashine. Pompe zinahitaji sakafu, na asiyeziweza aanze kwa kusimama na kuusukuma ukuta. Bidoni la lita 5 likijazwa maji lina kilo 5: lishike kwa mikono miwili, lishushe nyuma ya kichwa, linyanyue mpaka viwiko vinyooke, na ukiliona zito mno mwaga nusu. Aliyekatwa mguu anaweza kufanya hivyo akiwa ameketi mkekani katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, kabla hata ya kupewa magongo, ili siku yakifika yaikute mikono iko tayari. Walimu wa jimu wanaozijua hatua hizi wanaweza kwenda kuzifundisha huko na hospitalini, wakishirikiana na wauguzi, kwa saa moja ya Jumamosi.