Maji ya Chai na Moto Unaolala Nasi



Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona ni dogo mno kutengewa nafasi katika ukurasa huu. Nalo ni maji ya moto ya chai, na namna tunavyoyaweka yasipoe, majumbani mwetu na katika sehemu zetu za kazi. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndani ya jambo hili mna roho za watu.

Kwetu sisi chai ni sehemu ya kumkirimu mgeni. Mtu akibisha hodi na kukaribishwa, kabla hajamaliza kuulizwa habari za alikotoka, mama wa nyumba ameshaligusa birika kuona kama lina moto. Huona haya mgeni akae akingoja maji yachemke. Ndiyo maana katika nyumba nyingi ikajengeka desturi ya kuliacha birika juu ya jiko la mkaa kutwa nzima, na makaa yakififia huchochewa kidogo ili maji yabaki na uvuguvugu. Muuza kahawa wa pwani naye hufanya vivyo hivyo kwa dele lake lenye makaa chini yake. Lakini yeye yuko barazani, au anatembea mitaani penye upepo. Shida inaanza pale jiko linapoingizwa chumbani, madirisha yakafungwa, na wenye nyumba wakalala.

Mtume wetu (S.A.W.) hakuliacha jambo hili bila ya maelekezo. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (R.A.), ambayo Bukhari na Muslim wote wameiandika, ametukataza kuacha moto majumbani mwetu wakati tunapolala. Na katika mapokezi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) tunaelezwa kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku wenyewe wakiwa ndani, na Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao akasema kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe tunapolala. Jabir (R.A.) naye amepokea amri ya kufunika vyombo, kufunga milango na kuzima taa, pamoja na sababu yake: panya anaweza kuuburura utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba.

Tunawaomba wasomaji wetu waizingatie hiyo sababu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alipoisherehesha Hadithi hii aliangalia taa zinazotundikwa misikitini na kwingineko. Akasema kwamba ikichelewa kuzimwa kwake kukahofiwa moto, basi nazo zinaingia katika amri ya kuzimwa. Na ikiwa pana usalama nazo, kama ilivyo mara nyingi, basi yaonekana hapana ubaya, kwani sababu ya katazo imeondoka. Huu ndio mwenendo wa wanazuoni: hutafuta illa, yaani sababu iliyojengewa hukumu, kisha wakaitazama hukumu ilipo illa ile. Basi nasi tulitazame jiko letu la mkaa kwa jicho hilo.

Wapo watakaosema kwamba mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, na jiko likiwekwa mbali na pazia hakuna la kuhofia. Hapa ndipo watu wanapoangamia. Mkaa unaowaka pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, hujishika na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika. Aliyelala hapati onyo hata moja. Makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunayoyasifu kuwa ni safi, ndiyo hayo hayo yenye sumu. Kwa hiyo illa iliyotajwa katika Hadithi ipo hapa tena kwa nguvu zaidi: utambi wa taa ulihitaji panya, na jiko hili halihitaji chochote isipokuwa dirisha lililofungwa.

Sasa, kama haja yetu ni maji yawe moto, je, ni lazima moto uendelee kuwaka? Jibu limekuwapo kwa zaidi ya miaka 100, na liko juu ya kabati za nyumba zetu nyingi, mara nyingine likiwa pambo la kutolewa siku za Idi. Ni chupa ya chai, ambayo wengine huiita themosi. Mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892 jijini London akitaka kuhifadhi hewa zilizogandishwa zikawa kimiminika. Haja yake ilikuwa baridi, wala hakuwa na habari ya chai. Fundi wa vioo wa Kijerumani, Reinhold Burger, ndiye aliyeifanya iwe chombo cha matumizi ya nyumbani mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mna kuta mbili, na baina ya kuta hizo hewa imenyonywa, hivyo joto linakosa njia ya kupita. Ule mng'aro wa kioo unaouona ukichungulia ndani si urembo. Unalirudisha joto lilikotoka. Sehemu dhaifu ni mdomo na kifuniko.

Anayelalamika kwamba chupa yake haishiki moto, mara nyingi tatizo ni namna anavyoitumia. Chupa itangulizwe maji ya moto kidogo, itikiswe, yamwagwe, kisha ndipo yatiwe maji yanayotokota. Ijazwe karibu na shingo, kwa sababu chupa nusu hupoa haraka kuliko iliyojaa. Kifuniko kifungwe mara moja, na kisifunguliwe kila saa kwa kupima tu. (Ndugu zetu wa Arusha wasishangae chupa yao ikianza na joto pungufu, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100.) Na ni bora kuhifadhi maji matupu, majani na tangawizi yakatiwa wakati wa kunywa. Chai iliyolala na majani yake huwa chungu, na ya maziwa ikikaa vuguvugu kwa saa nyingi huharibika na kuumiza matumbo.

Tumeona faida yake hasa katika mwezi wa Ramadhani. Maji yakichemshwa baada ya tarawehe, saa nne usiku, yakatiwa katika chupa nzima, saa kumi alfajiri bado yana moto wa kutosha kwa daku. Mama hahitaji kuamka nusu saa kabla ya wengine kuwasha mkaa gizani. Hilo peke yake lingetosha kwa mume mwenye huruma kwenda dukani.

Hata hivyo chupa nayo ina hatari yake, na tusiifiche. Maji yaliyomo baada ya saa kadhaa hayatokoti tena, ila bado yanaunguza. Maji ya nyuzi 60 tu huweza kuiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Mtoto anayetambaa hushika kitambaa cha meza, akakivuta, na kila kilicho juu kikamshukia. Basi penye mtoto meza isiwe na kitambaa kinachoning'inia, na chupa isiwekwe sakafuni pembeni ya mkeka, kama ilivyo mazoea yetu tunapokula. Waya wa birika la umeme nao usiachwe ukining'inia.

Na likitokea la kutokea, jeraha lipozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hapana bomba, yamiminwe kwa kopo taratibu. Avuliwe nguo iliyolowa isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi, kisha afunikwe kitambaa safi na apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mayai mabichi, unga na mafuta visipakwe. Vinazuia jeraha kupoa na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua juu ya kidonda.

Makazini hatutakaa sana. Kuchemsha lita moja kwa birika la umeme hutumia kama sehemu moja ya kumi ya uniti, nalo ni jambo la dakika chache. Mtambo wa maji ya moto unaoachwa ukiwaka tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, unapasha maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na umeme ule ni mali ya mwajiri iliyo amana mikononi mwetu. Wanaotumbukiza hita ya koili katika ndoo chini ya meza, nao wajue kwamba maji yakikauka wamesahau, ofisi nzima iko hatarini.

Tunalotaka kulisema kwa msisitizo ni la mlinzi wa usiku. Mwezi wa Juni na Julai, katika miji ya nyanda za juu kama Njombe, Mbeya na Arusha, mlinzi hujifungia katika kibanda chake na jiko dogo la mkaa, juu yake birika la chai. Kibanda hakina dirisha, au kina dirisha alilolizibisha gunia kwa baridi. Sisi ndani tumelala tukiwa tumezima kila kitu, huku nje ya ukuta wetu binadamu mwenzetu analala na kile tulichokatazwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tuwalishe walio chini ya mikono yetu katika kile tunachokula na tuwavishe katika kile tunachovaa. Kumwambia azime jiko bila ya kumpa badala yake ni kumwachia baridi.

Apewe chupa yake mwenyewe, isiwe ile ya zamani yenye kifuniko kilicholegea. Apewe na koti zito na blanketi. Ijazwe jikoni kila usiku kabla ya geti kufungwa, na kijana wa nyumba, si mtumishi, ndiye aipeleke, akiwa na sukari na vikombe viwili, kwani walinzi wa mtaa hutembeleana. Akienda kuichukua asubuhi amsalimie, na aangalie kama lile jiko bado liko kibandani.