Si Mke, si Mjane: Anayebaki Mwenziwe Anapotoweka



Miongoni mwa riwaya zilizotamba duniani miaka ya karibuni ni Gone Girl ya mwandishi wa Marekani, Gillian Flynn, iliyotoka mwaka 2012 na kufanywa filamu mwaka 2014. Siku ya kutimia miaka 5 ya ndoa yao, mume anarejea nyumbani na kukuta sebule imevurugika na mke hayupo. Polisi wanaitwa, wanahabari wanapiga kambi nje, na baada ya siku chache umma umekwisha toa hukumu: mume ndiye muuaji. Alitabasamu mbele ya kamera, na tabasamu hilo likawa ushahidi. Msomaji naye anahukumu pamoja nao, mpaka afikapo katikati ya kitabu ndipo anapotambua kwamba mengi aliyoyaamini yalipangwa ili ayaamini.

Riwaya hii haifai kuwekwa mikononi mwa watoto. Kwa mtu mzima, hata hivyo, inaonyesha jambo ambalo Waislamu tulikwisha fundishwa zamani. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliachwa nyuma na msafara usiku mmoja tu akitafuta kidani chake, na ndimi za Madina zikamla kwa muda wa mwezi mzima mpaka Aya za Suratun-Nur ziliposhuka kumtakasa. Mtu asipoonekana, nafasi yake hujazwa na dhana.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya riwaya na maisha. Riwaya ina ukurasa wa mwisho. Lazima siri ifichuke. Hapa kwetu Ipyana, na ukanda wote huu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, wapo waliotoweka ambao ukurasa wao wa mwisho haujaandikwa. Eneo letu ni la njia. Kasumulu si mbali, na ukivuka Mto Songwe uko Malawi. Tangu zama za ukoloni wanaume wa huku walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na Afrika Kusini. Wengi walirudi na mablanketi na fedha za mahari. Wengine hawakurudi. Majirani zetu wa ng'ambo ya Songwe wana neno kwa ajili yao: machona, yaani waliopotelea ugenini. Neno hilo lilikuwa zito kiasi cha kuingia katika ripoti ya kamati ya serikali ya Nyasaland ya mwaka 1935 kuhusu wanaume waliohama kutafuta kazi.

Wakati hadithi zikimfuata aliyepotea, mwenye mzigo ni yule aliyebaki. Mwanamke huyu si mke, kwa kuwa hana matunzo wala mwenza. Si mjane, kwa kuwa hakuna kaburi wala eda. Si mtalaka, kwa kuwa talaka hakupewa. Akicheka, husemwa kwamba amesahau upesi. Akilia, husemwa kwamba analijua alilolifanya. Akiposwa, ndugu wa mume humkumbusha kwamba ana mwenyewe.

Sheria yetu haikumwacha mtu huyu gizani. Wanazuoni wanamwita aliyetoweka mafqud, na imepokewa habari ya mtu wa Madina aliyetoka usiku kwenda kuswali Isha asionekane tena. Mkewe alikwenda kwa Khalifa Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake. Umar aliwauliza watu wa mume huyo, nao wakathibitisha. Akamwamuru mke asubiri miaka 4. Ilipokwisha, akarudi, na mwishowe akaruhusiwa kuolewa. Kisha yule mume akatokea! Umar akamkemea: vipi mmoja wenu anakaa muda mrefu bila ahali zake kujua kama yu hai? Yule mtu akajitetea kwamba alitekwa na majini. Umar akamhiyarisha kati ya kurejeshewa mkewe na kurejeshewa mahari.

Tuizingatie kesi hii. Hakuna mahali Umar alipouliza majirani wanadhani nini. Aliuliza ushahidi, akaweka muda, akafungua mlango. Na lawama yake aliielekeza kwa aliyekaa kimya, si kwa aliyebaki.

Imam Malik aliichukua rai hiyo: miaka 4, kisha eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10. Imam Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, ana kauli mbili: ya kale inaafikiana na hukumu ya Umar, ya baadaye inamtaka mke asubiri mpaka iwepo yakini ya kifo au talaka. Wanazuoni wa Kihanbali wakatofautisha aliyepotea penye hatari, kama vile chombo kuzama, na aliyesafiri safari ya kawaida. Kwa watu wa ziwani tofauti hiyo inaeleweka vyema: mvuvi aliyekumbwa na dhoruba si sawa na aliyepanda basi kwenda Lilongwe. Kwa sababu ya hitilafu hizi, jambo hili haliamuliwi na mama mkwe wala na kikao cha barazani. Lipelekwe kwa kadhi au sheikh mwenye elimu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo imeliona. Katika mashauri ya ndoa, mtu asiyesikika kwa miaka 5 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitike vinginevyo. Na mlalamikaji aliyetelekezwa na mwenza asiyejulikana aliko halazimiki kwanza kupita katika baraza la usuluhishi, kwani atasuluhishwa na nani?

Kwa hiyo, anayepotelewa na mwenziwe atoe taarifa polisi na kwa serikali ya mtaa au kijiji mapema, aandike tarehe, na atunze jina la kila aliyeulizwa na jibu alilotoa. Muda hauna faida mahakamani wala kwa kadhi kama hakuna awezaye kusema ulianza lini. Wakwe wamsaidie kutafuta kabla ya kumtuhumu. Nasi majirani, tumpelekee mchele kabla ya maswali.

Na wewe unayevuka Songwe kesho kutafuta riziki, safari yako ni halali. Acha matunzo, acha anwani, na upige simu. Kemeo la Umar bado linakungoja.