Sarafu za London

Kijana wako akikuambia anataka kuishi kwa gitaa, utamjibuje? Wazazi wengi hapa Mamboleo watamwuliza kwanza atakula nini.

Ayub Ogada alikula sarafu za wapita njia. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akiitwa Job Seda, na utotoni akaishi na wazazi wake Chicago, mji wa muziki wa bluzi. Baadaye akapiga na African Heritage Band jijini Nairobi. Mwaka 1986 alishika njia ya Uingereza na nyatiti yake ya nyuzi nane, akawa akiimba Kijaluo katika vituo vya treni za chini ya ardhi, London. Kijaluo, si Kizungu!

Hatimaye watu wa WOMAD wakamsikia. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitolewa na Real World ya Peter Gabriel mwaka 1993. Hesabu mwenyewe: miaka saba. Mzazi gani angevumilia?

Wengine wetu tulimjua mwaka 2005, Kothbiro ulipotumiwa katika filamu ya The Constant Gardener. Ayub alirudi nyumbani, akafariki Februari 2019 kwake Nyahera, si mbali na hapa.