Safari ya Vuli Kilimanjaro: Siku Moja Zaidi Ndiyo Dawa

Kila mwaka vuli inapokaribia, ofisi, vyuo na vikundi vya marafiki huanza kuandaa safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengi hulenga tarehe 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge wa Uhuru kileleni. Ni desturi njema. Mlima ulio hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973 haupaswi kuachiwa wageni peke yao, na Mtanzania aliyelala hemani juu ya mawingu ya nchi yake hurudi nyumbani akiwa na jambo la kuwasimulia wanawe. Kwa hiyo siandiki kumzuia mtu. Naandika kwa sababu safari hii tunaipanga kinyume, na kosa hilo hugharimu afya za watu, wakati mwingine hata maisha yao.

Aliyewahi kukaa katika kikao cha maandalizi anaujua mpangilio wake. Kwanza hujadiliwa fulana na bango la kupigia picha kileleni. Kisha hufuata michango na usafiri. Idadi ya siku huamuliwa mwisho, nayo huamuliwa na mambo mawili: fedha iliyobaki na ruhusa ya mwajiri. Kwa kuwa kila siku ndani ya hifadhi ina ada yake, siku ndizo huwa za kwanza kupunguzwa. Sita huwa tano, na kikao hufungwa kwa makofi. Hakuna aliyekusudia mabaya, lakini kilichokatwa hapo hakikuwa starehe. Kilikuwa dawa.

Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na hewa ya Dar es Salaam. Tofauti ni kanieneo yake, ambayo ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea. Mwili una uwezo wa kujirekebisha: mapafu huongeza kasi ya kupumua, figo hurekebisha kemia ya damu ili kasi hiyo iweze kudumu, na baadaye chembe nyekundu za damu huongezeka. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mazoezi hayaiharakishi. Kijana mwenye siha huugua kama wenzake, pengine hata mapema zaidi, kwa sababu miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Ushauri wa kitabibu kuhusu jambo hili ni mwepesi kuukumbuka. Ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali unapolala kwa siku moja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale usiku wa ziada pale pale ulipo. Sasa tuitazame njia ya Marangu kwa siku tano. Usiku wa kwanza hulaliwa Mandara, karibu mita 2,700. Usiku wa pili ni Horombo, karibu mita 3,700. Siku ya tatu msafiri hufika Kibo, karibu mita 4,700, na usiku huo huo wa manane huamshwa kwenda kileleni. Mwinuko ambao ushauri ungetaka ulaliwe kwa takriban siku nne, yeye ameumaliza kwa mbili. Usiku wa ziada Horombo, pamoja na matembezi ya mchana kuelekea Miamba ya Pundamilia na kurudi kulala chini, hautimizi ushauri huo wote, ila huupa mwili nafasi ambayo siku tano haziutoi. Kwa maoni yangu siku sita ziwe kiwango cha chini, na mwenye uwezo wa siku saba au nane kwa njia ndefu asisite.

Waongozaji wa mlima huwaambia wageni neno moja kutwa: pole pole. Neno ni sahihi, ila tumelielewa nusu. Tunadhani ni habari ya hatua, kwamba ukitembea taratibu kutwa nzima umelitii. Hatua za taratibu huokoa nguvu, lakini mwili huzoea mwinuko kwa kuukalia. Pole pole ya kweli huhesabiwa kwa usiku ulizolala njiani.

Watanijibu kwamba wengi wamepanda kwa siku tano wakarudi salama. Ni kweli, na wengi hupanda pikipiki bila kofia wakafika. Wengine watasema fedha haitoshi. Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau. Lakini kama fedha haitoshi kwa siku ya sita, kundi linaweza kuishia Horombo au Kibo, likafurahia mlima na kurudi lote likiwa zima. Kilele si deni.

Hatari ya pili ya safari za makundi ni aibu. Ugonjwa wa mwinuko huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Mgonjwa hunyamaza asionekane dhaifu mbele ya wenzake wa kazini, na wenzake humwambia ajikaze. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka ziishe. Akianza kuyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kisigino kwa kidole katika mstari ulionyooka, akichanganyikiwa, au akihema hata akiwa amepumzika, ubongo au mapafu yake huenda yameanza kujaa maji. Hapo ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, tena asiachwe peke yake. Dawa ya asetazolamidi, ikitolewa kwa ushauri wa daktari, husaidia kinga. Haichukui nafasi ya siku.

Kwetu kuna jambo jingine lisilostahili kusahauliwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kwenda katika mwinuko wa namna hii, na hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye pengine hajui kwa kuwa hajawahi kuugua, anaweza kupata madhara ya bandama oksijeni inapopungua. Kipimo chake kifanyike kabla ya mchango wa kwanza kutolewa.

Mwisho, vuli ni msimu wa mvua. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na nguo iliyolowa huchukua joto la mwili upesi kuliko upepo. Anayelowa zaidi si mwenye fulana ya safari. Ni mpagazi aliyebeba mahema, mara nyingi akiwa na koti la kuazima na viatu vilivyochoka. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wake, na hupimwa langoni. Hakuna mizani inayopima kama ana soksi kavu au mahali pakavu pa kulala. Kundi linalojiita la kizalendo lianze uzalendo wake kwa kuuliza hayo kabla ya kulipa, na dalili za mpagazi zihesabiwe sawa na za mkurugenzi.

Basi kikao kijacho kianze upande wa pili wa karatasi. Ziandikwe kwanza idadi ya usiku na mahali pa kulala kila usiku. Kisha vipimo vya afya. Kisha jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumrudisha chini yeyote, akiwemo kiongozi wa msafara. Ndipo fedha ihesabiwe. Ikibaki, zishonwe fulana.